Kipande cha Msumeno Ndani ya Pont

Mave wangu,

Barua hii nimeiweka juu kabisa ya sanduku lako, ndani ya kitenge cha kijani, usije ukasema hukuiona. Usiifungue hapa nyumbani. Isome kesho ndani ya kamyo, lori likishapita Bogoro, kabla njia haijaanza kushuka kwenda ziwani. Ukifika Kasenyi hujaisoma utakuwa umechelewa, na mimi nitakuwa nimepoteza jioni nzima na kalamu ya mdogo wako.

Habari za sweta, za kuchemsha maji, za kutolala mbali na wenzako huko kambini Uganda, nimekuimbia mwezi mzima mpaka ukawa unanijibu kwa kufumba macho. Zimetosha. Leo nataka kukueleza kwa nini sikusindikizi mpaka mtumbwini. Mchana ulilia ukasema, "Mama, hata mpaka Kasenyi tu?" nikakujibu kwamba garaje haiwezi kubaki peke yake. Nilikudanganya. Huko ufukweni kuna mtu, na mimi nikimkaribia weye hutavuka. Utabaki hapa kuniletea chakula gerezani, au kunizika.

Mtu huyo ni Dieudo. Jina unalikumbuka: mwenzake baba yako, waliofungua garaje pamoja kule karibu na soko, aliyekula mezani kwetu kila siku ya Mungu. Sura yake labda umeisahau, maana vita ilipoanza tulikupeleka kwa bibi yako kule Aru, ukarudi msichana mkubwa. Ni vizuri. Na yeye sura yako ya sasa haijui.

Watu wa kanisa wanasema nimemsamehe kila mtu. Mchungaji alinishika mikono mbele ya watu akasema, "Mama, weye ni mfano." Aka! Mfano wa nini? Nilinyamaza tu, na wao wakaona kunyamaza ndiko kusamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu.

Nianze na ile gari, kwa sababu bila gari hutaelewa kitu.

Ilikuwa gari ya mbio, fupi, ya buluu, ya tajiri mmoja wa samaki wa Kasenyi aliyeileta kutoka Kampala ili aikimbize kwenye njia zetu hizi za mashimo. Wengine Mungu aliwapa yote akasahau akili. Pont yake ya nyuma, lile tumbo la chuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, haikuwa kama ya kamyo. Ilikuwa ile wanayoiita autobloquant. Ndani yake mna disiki nyembamba zilizobanana, na kazi yao ni kuzuia gurudumu moja lisizunguke ovyo kwenye matope huku lingine limesimama. Baba yako aliifungua akakuta disiki moja imepasuka. Bunia nzima disiki ya namna hiyo haikuwepo, na njia ya Kampala ilikuwa imefungwa. Dieudo alikuwa amekwenda Djugu kumzika shangazi yake. Tulikuwa wawili tu, baba yako na mimi.

Baba yako akatafuta kipande cha msumeno wa kupasulia mbao, chuma kizuri kweli, akachora mviringo juu yake. Aliyekata na kupiga tupa ni mimi. Siku mbili nzima. Jino moja la msumeno lilibaki ukingoni kwa sababu nilikuwa nimechoka, nikasema halitagusa kitu. Baba yako alicheka. "Wacha," akasema, "hiyo ni sinyatire yako, kama umeweka sahihi." Basi disiki yangu ikaingia ndani ya pont na jino lake.

Hapo ndipo nilipokosa mara ya kwanza. Pont ya namna ile inataka mafuta yake ya pekee, yenye dawa inayoziacha disiki ziteleze kidogo gari ikikata kona. Siye tulikuwa na mafuta ya kamyo tu. Baba yako alitaka kungoja. Mimi nikamwambia, "Funga tu, Ngabu. Itapiga kelele kidogo, nani hapigi kelele siku hizi?" Akafunga. Alikuwa mtu wa kunisikiliza, na mara nyingi natamani asingekuwa hivyo.

Na kweli ilipiga kelele, ila si palepale. Ikiwa baridi ilikuwa kimya kabisa. Ukiiendesha mpaka ipate moto, kisha ukakata kona pole pole, kule nyuma iligonga ka-ka-ka-ka na gurudumu likarukaruka. Njia ikinyooka, kimya tena. Baba yako hakuweza kumrudishia mtu gari kabla hajajua ugonjwa wake umefika wapi. Akasema ataipeleka Kasenyi yeye mwenyewe, siku ya mardi, Jumanne ile, na kwenye zile kona za mteremko ataisikiliza vizuri ikiwa na moto. Hayo aliyasema mezani. Tulikuwa watatu: baba yako, mimi, na Dieudo aliyekuwa amerudi kutoka matangani, anakula sombe yangu ya majani ya muhogo.

Mardi hiyo baba yako hakufika Kasenyi. Walimtoa ndani ya gari kwenye bariyeri, kizuizi cha wenye bunduki, wakampiga risasi kando ya njia. Gari ikapotea. Yaliyobaki uliyasikia Aru.

Garaje ya sokoni ikaporwa mpaka misumari. Nikahamia mtaa wa Lumumba, nikasimamisha mabati manne, nikaanza kazi niliyojifunza kwa kumshikia baba yako taa. Walicheka, mwanamke na funguo za gari! Kisha wakaacha kucheka, maana mekano, mafundi wa gari, wengi walikuwa wamekimbia au wamekufa. Dieudo yeye alipata kazi nzuri, akawa mekano wa komanda mmoja kati ya wale waliokuwa wameshika mji. Alikuja kunisalimia na kilo tano za unga. Nilimshukuru, Mave. Nilimwambia Mungu akuzidishie. Nikikumbuka hilo natamani kuukata ulimi huu.

Ulipita mwaka na zaidi. Asubuhi moja yule komanda akaja kwangu mwenyewe, askari wawili nyuma, anaendesha gari fupi ya rangi ya kijani. Dieudo alikuwa ametumwa Mahagi kutafuta matairi. Angekuwepo asingemwacha anikaribie. Komanda hakujua mimi ni mjane wa nani. Kwake nilikuwa mama mekano basi.

"Mama," akasema, "banasema weye unasikia gari kama vile docteur anasikia kifua. Hii gari yangu iko na pepo."

"Pepo ya namna gani, shefu?"

"Nikitoka nayo asubuhi, hakuna kitu. Nikitembea mingi, nikikata kona, kule nyuma inapiga ka-ka-ka. Njia ikinyoroka, inanyamaza. Mekano yangu alibadilisha cardan, alibadilisha roulements, sasa anasema ni mapine, ameenda kutafuta matairi ya mupya. Inapiga tu!"

Nikajiambia, tulia mama, gari zinazogonga ni nyingi duniani. Nikamwomba aizungushe uwanjani pole pole, kushoto kisha kulia, kama mtu anayeandika nane chini, mara kumi. Ikagonga. Nikaweka kriki, nikainua magurudumu yote mawili ya nyuma, nikalizungusha la kushoto kwa mkono. Kwa gari ya kawaida gurudumu la kulia linarudi kinyume. Hili likafuata upande uleule, zito, linabishana nami. Ilikuwa autobloquant, na Bunia haikuwa nayo nyingine. Nikaingiza ukucha chini ya mlango, nikakwangua. Chini ya kijani kulikuwa na buluu.

Sasa sikiliza namna mekano anavyouliza, maana elimu yangu ni hiyo tu. Mwenye bunduki ukimuuliza aliua nani, atakuongeza weye. Ukimuuliza gari yake ilianza kuumwa lini, atakueleza yote, kwa sababu anataka ipone. Mimi nilijilaza chini ya gari, nikafungua mafuta yatoke, nikamuuliza nikiwa hukohuko chini.

"Ilianza lini, shefu?"

"Tangu siku ya kwanza niliipata."

"Siku ile ilitembea njia gani? Kila njia inaharibu gari kwa namna yake."

"Ya Kasenyi. Ilikuwa inashuka, tukaigeuzia pale kwa bariyeri."

"Na nani aliipandisha mpaka huku?"

"Huyu huyu mekano yangu, Dieudo. Ni yeye alituambia, mardi itapita gari moja ya mbio, bleu, dereva iko peke yake. Ni hii gari ilimupatia kazi kwangu." Nikasikia anacheka, anawasha sigara. "Ule mutu iko mujanja!"

Mafuta yalikuwa yanaingia kwenye beseni, meusi, yananuka kuungua. Nilikuwa nimelala chali, kwa hiyo machozi yangu yaliingia masikioni, hakuna aliyeyaona. Namshukuru Mungu kwa hilo, na siku ile sikumshukuru kwa lingine.

Nikabakiza swali moja. "Shefu, hii pont, mekano yako alishaifungua?"

"Alifungua yote. Alisema aliangalia disiki moja moja, iko muzuri."

Uongo mtupu! Gundi aliyoipaka baba yako ilikuwa bado ukingoni, kavu, haijaguswa, na vumbi la zamani lilikuwa limeganda juu ya bulo zote, bolti zilizoifunga. Dieudo hakuwahi kuifungua ile pont. Aliiogopa, hakujua autobloquant inakaaje, akasema ameifungua ili asionekane mjinga mbele ya bosi wake. Mekano wote wanasema uongo huo, hata mimi nimewahi kuusema. Lakini siku ya nyani kufa, miti yote inateleza.

Nikuambie pia nilichofikiria, usinione mtakatifu. Nilifikiria kufunga ile pont na kuziacha bulo za ndani zimelegea, komanda ashuke nayo mteremko, meno yakamatane kwenye kona, magurudumu yasimame ghafla. Mkono ulikuwa tayari. Lakini komanda alimuua mtu asiyemjua. Dieudo alikula sombe yangu, akafuta mdomo, akasema asante mama, akaenda kumuuza mwenye nyumba. Nilimtaka Dieudo kwanza. Na fimbo ya kumpigia ilikuwa imesimama hapo juu yangu inavuta sigara.

Nikaishusha pont, nikazipanga disiki juu ya gunia moja moja. Ya sita ilikuwa yangu, na jino lake. Nikaifuta, nikaisimamisha mbele ya macho yake.

"Shefu, angalia. Hii si disiki. Ni musumeno ya mbao."

"Musumeno? Inatafuta nini ndani ya gari yangu?"

"Sijui, shefu. Ya kweli iko chuma ingine. Mutu aliitoa akaweka hii."

"Nani?"

"Kama Dieudo alifungua, akaangalia moja moja, Dieudo anajua."

Komanda aliitia disiki mfukoni mwa koti na mafuta yake yote, akaiacha gari juu ya kriki, akaondoka anapiga mluzi.

Dieudo aliporudi na matairi, walimngoja. Walimweka mkono wa kuume juu ya chuma, wakavipiga vidole vyote kwa nyundo yake mwenyewe, huku wanamuuliza disiki ya kweli aliiuza wapi. Angejibu nini? Hakuwahi hata kuiona. Habari ilinifikia mchana. Nikapika samaki na ugali, nikala mpaka nikalamba vidole, na usingizi nilioupata siku ile sijaupata tena. Utanisikitikia kwa hilo? Usinisikitikie. Ulikuwa usingizi mtamu.

Kosa langu kubwa lilianza kesho yake. Sikutosheka kusikia, nikataka kuona. Nikapika uji, nikampelekea alipolazwa. Mkono wote ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Aliponiona akaanza kulia kama mtoto.

"Mama Mave," akasema, "balinionea bure! Ile pont sijaifunguaka hata siku moja, naapa kwa Mungu. Uniombee, mama."

Na alikuwa anasema kweli! Unaelewa, mwanangu? Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Jambo walilompigia hakulifanya. Lile jino nililiacha mimi, disiki niliikata mimi. Nilimpiga Dieudo kwa kosa langu, na kosa lake likabaki palepale, zima, halijaguswa. Nilisimama na sufuria ya uji mkononi, neno liko mdomoni: ni kwa ajili ya Ngabu, mbwa weye, ni kwa ajili ya mardi. Nikalimeza. Komanda alikuwa bado mjini. Angejua nilimficha jambo, kesho yake ungekuwa yatima wa pande zote mbili. Kwa hiyo nikamlisha uji. Kijiko kwa kijiko, Mave, kwa mkono huu huu nilioshikia tupa.

Alipopona akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akauinua ule mkono uliokauka akasema aliteswa bila kosa kama Ayubu, na amewasamehe waliomtesa. Kanisa zima likalia. Mama mmoja alikwenda mbele kumkumbatia. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nikasema amina pamoja nao, ningefanya nini? Nilikuwa nimemtwanga vidole ili awe mwenye hatia, na nikamfanya mtu wa Mungu. Mtu anayemuua baba yako akiwa na moyo mzito, labda siku moja moyo wenyewe utamla. Huyu moyo wake mimi niliuosha.

Kwa hiyo ninachokupa si fundisho la Biblia, hilo utalipata kwa wengine. Nakupa tu nilivyoona kwa macho yangu. Ukimlipa mtu, mlipe kwa jina la jambo alilofanya. Ukimlipia kwa jambo lingine, anatoka pale msafi kuliko alivyoingia, na weye unabaki unamlisha uji.

Sasa mji umeshikwa na wengine, komanda ameondoka. Sijui alipo, na bado nauliza kila dereva anayeleta gari hapa. Dieudo hakuweza tena kushika funguo, akashukia Kasenyi. Ndiye anayeandika majina ya wanaovuka kwenda Uganda. Anaandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo foleni inakwenda pole pole, na watu wanamvumilia kwa sababu wanamhurumia. Wanamwita Mtumishi. Mtumishi!

Akikuuliza jina, mpe la ubatizo. Sema Jeanne, unatoka Aru kwa bibi yako, na hapo hujadanganya. Usiseme Mave, jina hilo alilitaja kila aliponiita. Panda, kaa nyuma karibu na motere. Mtumbwi ukishasukumwa yeye husimama na karatasi yake, maji yanamfika magotini, anahesabu vichwa mara ya mwisho. Ngoja motere iwake na mtu asiweze tena kuushika mtumbwi. Usisimame, utawayumbisha wenzako. Usimtukane, usilie. Mwite kwa ile sauti unayoniitia ukiona nyoka jikoni, wanawake wa samaki wote wageuke, na umwambie hivi:

"Dieudo! Miye ni Mave, mutoto ya Ngabu. Ulimuuza siku ya mardi. Ule musumeno ni mama yangu aliukata, na ni yeye alimuonyesha komanda. Vidole yako ilikuwa malipo ya Ngabu."

Basi. Usingoje ajibu. Mwangalie tu uso mpaka msionane tena, kisha siku moja uniandikie ulikuwaje. Hao wanawake wa samaki watafanya kazi iliyobaki, kabla ya jioni habari itakuwa imepanda mlima na mabeseni yao mpaka soko la Bunia.

Najua ni mzigo. Ungekuwa na baba ningemtuma yeye. Unaweza kunikatalia, mdomo ukikataa kufunguka, nyamaza, uvuke, uende shule yako, na mimi sitakuuliza. Lakini usije ukaniandikia kwamba ulimsamehe kwa niaba yangu. Hilo sikukutuma.

Na usikae huko ng'ambo unaniogopea, unajiuliza itakuwaje akipanda kuja kwangu. Nimekwisha kufikiri hilo jioni yote. Wadogo zako watalala kwa mchungaji wiki hii. Mabati yangu anayajua yalipo. Akija atanikuta, na mara hii tutaongea juu ya baba yako.

Mama yako